Aliyepitwa kwa Kura Chache, Yampasa Nini?

 

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa Mtangawanda, ndugu yetu mmoja ametuletea suala na ametutaka tusimtaje jina. Asema kwamba jamaa yake aligombea tiketi ya chama kwa kiti cha wadi, na zilipohesabiwa kura za mchujo akaonekana amepitwa kwa kura 11. Sanduku la kituo kimoja lilichelewa kufika, kwa kuwa mashua iliyolichukua ilikwama katika Mkanda maji yalipopwa, likafika baada ya Alfajiri. Wafuasi wake wamwambia asikubali kamwe, kwani sanduku lililolala njiani haliaminiki. Mama yake amwambia akubali na ampe mkono mwenziwe, ambaye ni mwana wa ami yake. Na yeye mwenyewe, kwa ghadhabu, ameapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hataikanyaga nyumba ya huyo mwana wa ami yake. Muulizaji ataka kujua: sheria yamtaka akubali, au yamtaka adai haki yake?

Hatutakitaja chama wala wadi, maana suala hili si la chama kimoja. Kila miaka mitano visiwa vyetu vyaliona, na kila mara tunabaki na watu wasiosalimiana mpaka uchaguzi mwingine uje.

Kwanza yafaa tujue kinachogombewa ni kitu gani. Uongozi si mali ya mtu hata akasema, "Nimenyang'anywa changu." Ni amana. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wanaostahiki na kuhukumu kwa uadilifu, na Abu Dharr (R.A.), pamoja na ucha Mungu wake wote, alipotaka kupewa uongozi Mtume (S.A.W.) alimjulisha kuwa hauwezi mzigo huo, na kuwa siku ya Kiyama utakuwa majuto kwa asiyeutekeleza. Hatusemi kwamba kugombea ni haramu. Nabii Yusufu (A.S.) aliiomba kazi ya hazina ya Misri mwenyewe, kwa kuwa alijijua kuwa ni mlinzi na mjuzi. Twasema tu kwamba mwenye kupitwa hakupoteza shamba wala jahazi. Amepunguziwa hesabu ya kuulizwa, na mtu mwenye akili huenda akashukuru.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na hata baadhi ya wanaohutubia juu ya mimbari. Wao hukimbilia kusema: "Samehe ndugu, acha, Mungu atakulipa," kana kwamba kila kuacha ni wema. Sivyo. Ndani ya jambo hili mna haki mbili, na hazina hukumu moja. Iko haki ya mgombea nafsi yake: heshima yake, gharama zake, matumaini yake. Hiyo ni yake, na akiisamehe ana thawabu, kwani Mtume (S.A.W.) amemuahidi nyumba ya Peponi mwenye kuacha mabishano hali ya kuwa haki ni yake. Na iko haki ya waliompigia kura. Kura ni ushahidi: mtu ashuhudia mbele ya Mola wake kwamba fulani ndiye anayefaa. Ushahidi huo ukifutwa kwa hila, aliyedhulumiwa si mgombea peke yake. Wamedhulumiwa mvuvi wa Kizingitini na bibi kizee wa Siyu aliyesimama juani tangu asubuhi. Haki yao mgombea hawezi kuisamehe kwa niaba yao, kama ambavyo wakili hawezi kuigawa mali ya aliyemuwakilisha bila ya idhini yake.

Basi jawabu ya suala haiwi "akubali" wala "asikubali" kabla hatujajua kama pana dhuluma. Uchache wa kura zilizompita haubadilishi kitu. Mwenye kushinda kwa kura moja ameshinda. Zanzibar, katika uchaguzi wa Januari 1961, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu, na kura hiyo ikaufanya mgawanyo wa viti kuwa 10 kwa ASP, 9 kwa ZNP na 3 kwa ZPPP; nao wa ZPPP walipogawanyika, mizani ikasimama 11 kwa 11. Ikabidi kupigwa kura tena mwezi wa Juni mwaka ule ule, na siku hiyo watu wakaanza kushutumiana kwa udanganyifu penye foleni za kura, fujo ikazuka, wakafa watu 68. Tumeutaja mfano huu ili ijulikane kwamba uchache wa kura huzitia nyoyo moto, na moyo wenye moto hauhesabu vizuri.

Sasa tutazame sanduku la Mkanda. Katika kanuni tulizosoma kwa masheikh wetu ni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kwamba mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Kukaa kwa mashua juu ya mchanga si wizi. Kila mmoja wetu aliyesafiri baina ya Lamu na Pate amewahi kukaa Mkanda akingoja maji, na hakuna aliyemuibia. Yanayofaa kuulizwa ni mengine. Je, lakiri ya sanduku ilifika nzima? Je, mawakala wa wagombea walipanda mashua ile pamoja na sanduku? Je, hesabu iliyotangazwa ni sawa na ile iliyoandikwa kituoni na kutiwa sahihi kabla sanduku halijaondoka? Je, kura zimezidi idadi ya watu walioandikishwa? Huyu jamaa alikuwa na wakala wake. Tumemuuliza muulizaji kama jamaa yake amekwenda kwa wakala wake mwenyewe kumuuliza aliyoyaona usiku ule. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hapana. Yeye amesikia kwa watu wa barazani.

Subhanallah! Mtu ataka kuuvunja undugu wa damu kwa habari ya barazani, na shahidi wake mwenyewe yuko nyumba ya tatu!

Akiulizwa wakala na akasema kuwa lakiri ilikuwa nzima na hesabu ni ile ile, basi shaka imekwisha, na kukubali kwamlazimu, si hisani. Akisema kuwa aliona lakiri imevunjwa, au alizuiliwa asipande mashua, hapo si haki kunyamaza. Apeleke malalamiko kwanza katika chombo cha chama chenyewe, kisha, asiporidhika, katika Mahakama ya Mizozo ya Vyama vya Kisiasa iliyowekwa kwa Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011. Na aende upesi, kwani siku za kudai ni chache. Huku ndiko kudai haki kwa njia yake. Kuwapeleka vijana gatini kupiga kelele na kumtukania mtu mama yake si kudai haki kwa namna yoyote tuijuayo. Na aliyeshinda kwa hila asidhani kuwa karatasi ya chama imemhalalishia, kwani Mtume (S.A.W.) amewaonya wanaohukumiwa haki ya wenzao kwa ufasaha wa ndimi zao kwamba wanakatiwa kipande cha Moto, sembuse anayeipata kwa kuvunja lakiri.

Tukiisha kulijua hilo, twarudi kwa yule aliyepitwa pasi na dhuluma, nao ndio walio wengi. Katika mambo ya Masahaba hatukuona mfano ulio karibu zaidi na kura ya mchujo kuliko yale ya mwaka 23 wa Hijra (644), Sayyidna Umar (R.A.) alipojeruhiwa. Hakumtaja mrithi, bali aliwataja watu sita: Uthman, Ali, Talha, Zubair, Saad na Abdulrahman bin Auf (R.A.), wateue mmoja baina yao. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Zubair alimwachia Ali nafasi yake, na Saad akamwachia Abdulrahman, na ya Talha ikawa kwa Uthman. Wakabaki watatu. Hapo Abdulrahman akajitoa mwenyewe, ili apewe kazi ya kuwachagulia wenzake; na hakuifanya kwa moyo wake tu, bali alikaa siku tatu akiwauliza watu wa Madina, wakubwa kwa wadogo, hata usingizi ukawa mgumu kwake. Wakabaki wawili, Uthman na Ali, na hapana anayeweza kusema kuwa mmoja wao alikuwa duni. Abdulrahman akachukua ahadi kwa kila mmoja kwamba akichaguliwa atafanya uadilifu, na asipochaguliwa atasikia na kutii. Kisha akambai Uthman, na Ali naye akambai.

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo. Ahadi ya kukubali ilichukuliwa kabla ya jina kutajwa. Wote wawili waliahidi wakiwa hawajui nani atapata. Na hivyo ndivyo inavyokuwa leo: mgombea anapochukua fomu ya chama hutia sahihi kuwa atazifuata kanuni za uteuzi. Sahihi ile ni ahadi, na mwanzo wa Suratul-Maida tumeamrishwa kuitimiza mikataba. Hawezi mtu kuikumbuka kanuni anaposhinda na kuisahau anapopitwa.

Katika zama zetu na katika nchi jirani uko mfano mwingine ambao twaona ni vyema vijana waujue. Mwezi wa Julai 1995 chama cha CCM kilikutana Dodoma kumteua mgombea wa urais wa Tanzania. Walibaki watatu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Katika duru ya kwanza Kikwete ndiye aliyeongoza kwa kura 534, Mkapa akapata 459, na Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyefika nusu, wawili wa mbele wakarudiwa. Katika duru ya pili Mkapa akapata 686 na Kikwete 639. Tofauti ni kura 47, na aliyekuwa mbele asubuhi akawa nyuma.

Lau angetaka kuteta, maneno hayakukosekana. Angeweza kusema kuwa yeye ndiye chaguo la kwanza la wajumbe. Angeweza kusema kuwa zile kura za Msuya zimepelekwa na wakubwa. Alikuwa kijana wa miaka 44 na vijana wenziwe walikuwa nyuma yake. Alikubali hadharani na kumuunga mkono mwenziwe, na Mkapa alipoapishwa alimfanya waziri wa mambo ya nje, kazi aliyokaa nayo miaka kumi. Mwaka 2005 akarudi Dodoma, akateuliwa, na mwezi wa Desemba akachaguliwa kuwa rais. Hatusemi kuwa kila anayekubali atapata baadaye. Hayo ni ya Mwenyezi Mungu, na wapo waliokubali na hawakusikika tena. Tulitakalo lionekane ni kwamba kura 336 za Msuya hazikuwa za Kikwete hata zikasemwa "zimeibwa". Wenyewe walikuwa wajumbe, na wajumbe waliamua.

Mfano wa kinyume chake ulitokea katika chama hicho hicho mwaka 2015. Edward Lowassa aliondolewa katika orodha na vikao vya juu kabla wajumbe wengi hawajapiga kura, naye akatoka akaingia CHADEMA, akagombea urais mwezi wa Oktoba, akapata kiasi cha asilimia 40 asishinde. Na mwaka 2019 akarudi CCM. Huyu kesi yake si ile ya muulizaji, kwa kuwa hakupitwa kwa kura, alikatwa. Anayo hoja ambayo Kikwete hakuwa nayo, na sisi hatumlaumu kama tungemlaumu mtu aliyehesabiwa akapitwa.

Hapa kwetu Kenya, mwezi wa Aprili 2017 chama cha Jubilee kililazimika kuufuta uteuzi ulioanza tarehe 21 katika sehemu nyingi, kwa kuwa karatasi za kura zilichelewa na hazikutosha. Uliporudiwa, Peter Kenneth katika Nairobi na William Kabogo katika Kiambu walishindwa, wakatoka wakasimama bila ya chama, na mwezi wa Agosti wakashindwa tena. Katiba ya 2010, kifungu cha 85, yamruhusu mtu kusimama bila ya chama ikiwa si mwanachama wa chama chochote muda wa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ruhusa ya Katiba twaijua. Lakini yanayoruhusiwa na Katiba na yanayomwondolea mtu ahadi yake mbele ya Mola wake huenda yasiwe mamoja. Akiwa chama ndicho kilichovunja kanuni, ahadi imevunjwa na mwenziwe na yeye yuko huru. Akiwa kanuni zilifuatwa, amevunja yeye.

Mombasa, Aprili 2022, Suleiman Shahbal alimwachia Abdulswamad Shariff Nassir tiketi ya ODM ya ugavana kabla ya kura kupigwa, baada ya mazungumzo na mkuu wa chama. Nassir akachaguliwa gavana mwezi wa Agosti. Na Marekani, mwaka 2008, Hillary Clinton alipitwa kwa tofauti ndogo na Barack Obama, ambaye babake ni Mkenya. Wafuasi wake walisema kuwa kwa hesabu yao amepata kura nyingi zaidi za wananchi. Naye tarehe 7 Juni, siku nne baada ya Obama kufikia idadi ya wajumbe iliyotakiwa, akasimama mbele ya wafuasi wale wale akamuunga mkono mwenziwe. Wala hakuharakisha kabla ya majimbo yote kupiga kura. Hilo nalo lina hoja yake: asiyemaliza kuhesabiwa halazimiki kukubali, na wanaomshika mgombea shati tangu adhuhuri ili akubali wamdhulumu.

Muulizaji ameuliza pia, kwa sauti ya chini, kama jamaa yake aweza kukubali kisha akapokea "kitu" kutoka kwa aliyeshinda, cha kumfutia gharama. Jawabu yetu ni kwamba zawadi ya kuisuluhisha nafsi iko, lakini hii si zawadi. Ikiwa alipitwa kwa haki, hana cha kuuza, na akipokea amekula mali kwa batili. Ikiwa alidhulumiwa, anachokiuza ni ile haki ya mvuvi na bibi kizee tuliyoitaja, nayo si yake. Na ikiwa ni kabla ya kura, akalipwa ili ajitoe, basi ametiwa bei yeye na wafuasi wake kama mbuzi mnadani. Tumetafuta sura ya nne ambayo ndani yake fedha hizo ni halali, hatukuiona.

Kuhusu wafuasi, twajua kuwa wao ndio mtihani mkubwa. Hasan bin Ali (R.A.), alipomwachia Muawiya mwaka 41 wa Hijra (661) ili damu za Waislamu zisimwagike, walikuwako katika watu wake waliomwita mwenye kuwadhalilisha waumini. Alivumilia maneno yao, na Waislamu wakauita mwaka ule mwaka wa umoja. Sisi watu wa kisiwa hiki hatuhitaji kwenda Kufa kutafuta mfano wa kinyume. Tokeni Mtangawanda kwa miguu mpaka Pate mkayatazame magofu, hayo ambayo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyazingatia katika Al-Inkishafi. Katika karne ya 19 wana wa nyumba ya Nabahani waligombania kiti, na kila aliyepitwa alikwenda kutafuta nguvu nje, mara kwa Mazrui wa Mombasa, mara kwa Seyyid Said. Waliokuja kusaidia hawakuondoka bure. Mwisho nyumba ile ikahamia bara, Witu, na Ahmad aitwaye Simba, na huko nako Waingereza wakaimaliza. Kiti walichokipigania hakipo; iliyobaki ni mitumbaku inayolimwa baina ya kuta.

Limebaki la uapo. Huyu jamaa ameapa kutoikanyaga nyumba ya mwana wa ami yake, naye sasa aogopa kwamba akienda amekosea. Uapo wa kukata udugu si wa kuushika. Mtume (S.A.W.) amemuelekeza aliyeapa kisha akaliona lililo bora kuliko aliloapia, alifanye lililo bora na autolee uapo wake kafara. Kafara yake imetajwa katika Suratul-Maida, aya ya 89: kuwalisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, jambo ambalo leo halipo, na asiyeweza, afunge siku tatu. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii kila masikini hupewa kibaba kimoja cha chakula cha mji, nacho hapa ni mchele, na siku tatu za kufunga si lazima zifuatane. Tena kafara ya chakula yaweza kutangulia kabla ya kuuvunja uapo. Basi akiwa na vibaba kumi nyumbani, avigawe leo na kesho aende kwa mwana wa ami yake baada ya sala ya Alasiri. Na akiwa hana ila kufunga, aende kwanza, kisha afunge.